Barua ya Wazi kwa Wenye Funguo za Uwanja wa Mkapa

Kwa wizara yenye dhamana ya michezo, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF), Bodi ya Ligi Kuu na wasimamizi wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam.

Waheshimiwa,

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 Simba ilishuka dimbani kucheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilikuwa fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu ile ya mwaka 1993 dhidi ya Stella Abidjan. Wiki moja kabla, RS Berkane walikuwa wameichapa 2-0 kwao Morocco. Timu iliyorudi nyumbani na deni la mabao mawili hubakiwa na silaha moja kubwa, nayo ni uwanja wake. Silaha ya Simba ina viti 60,000, na wageni kutoka Cairo hadi Casablanca wanaijua sauti yake.

Siku hiyo viti hivyo vilikuwa vitupu. Mvua zilikuwa zimeshinda eneo la kuchezea la Mkapa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikasema halifai, na fainali ikavuka bahari hadi New Amaan, Zanzibar, uwanja wa watu 15,000. Zanzibar iliipokea mechi hiyo kwa heshima na hakuna wa kuilaumu. Joshua Mutale akafunga, matumaini yakaamka, kisha dakika za mwisho Berkane wakasawazisha. Kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba Mkapa ingebadili matokeo, na barua hii haijaandikwa kwa ajili ya kombe lililopotea. Inaandikwa kwa sababu ya kilichofuata. Tarehe 25 Juni, mwezi mmoja kamili baadaye, Dabi ya Kariakoo kati ya Simba na Yanga ilichezwa hapohapo Mkapa, Yanga ikashinda 2-0. Tarehe 2 Agosti uwanja huohuo ukafungua michuano ya CHAN mbele ya Afrika nzima, Taifa Stars ikaifunga Burkina Faso 2-0. Ni siku 69 tu tangu fainali ile ichezwe Zanzibar. Uwanja ulioonekana haufai mwezi Mei ulikuwa mwenyeji wa mechi ya ufunguzi mwezi Agosti.

Kwa hiyo uwanja wenyewe si mbovu kiasi cha kukatiwa tamaa, na mafundi wa kuutunza wapo. Kinachokosekana ni kalenda: uamuzi wa mapema, ulioandikwa na kutangazwa, kwamba siku hizi uwanja unatumika, siku hizi unapumzika, siku hizi uko mikononi mwa mkandarasi, na hakuna mwenye cheo wa kuubadilisha kwa simu moja.

Uwanja wa Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, pembeni ya Uwanja wa Uhuru ambao wazee wa Temeke bado wanauita Shamba la Bibi. Mwaka 2020, baada ya Rais Benjamin Mkapa kufariki, ulipewa jina lake, na mashabiki wakauongezea la utani, Lupaso, kijiji alikozaliwa. AFCON ya 2027, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda zitaandaa kwa pamoja, itaukuta ukiwa na umri wa miaka 20. Jengo la umri huo lenye taa, mabomba, lifti na viti vinavyopigwa na jua la Dar es Salaam mwaka mzima haliwezi kukarabatiwa mara moja likaisha. Kazi itakuwepo mwaka huu na mwaka ujao, na baada ya AFCON itakuwepo tena. Ukarabati umekuwa sehemu ya kawaida ya maisha ya uwanja huu, lakini bado unaendeshwa kama dharura.

Mwaka 2023 ulitoa somo lote katika miezi sita. Tarehe 30 Aprili, Yanga ikicheza na Rivers United ya Nigeria kwenye robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, taa zilizimika na mchezo ukasimama mbele ya wageni na kamera. Tarehe 28 Mei, kwenye mchezo wa kwanza wa fainali kati ya Yanga na USM Alger, msongamano getini ulimuua mtu mmoja na kujeruhi wengine kadhaa. Kisha mkandarasi akaingia kwa mkataba wa takriban shilingi bilioni 31, na mechi za Afrika za klabu zetu zikahamia Chamazi, uwanja wa watu wapatao 10,000. Tarehe 20 Oktoba Simba na Al Ahly zikafungua African Football League hapo Mkapa kwa sare ya 2-2, rais wa FIFA akiwa jukwaani. Mashabiki wengi waliuona uwanja umependeza, wakaamini kazi imekwisha.

Machi 2025, mwaka mmoja na nusu tu baadaye, CAF iliufungia kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Marekebisho yakafanywa, ukafunguliwa, na Aprili 9 Simba ikaitoa Al Masry kwa penalti mbele ya umati wake. Siku kumi na moja baadaye nusu fainali na Stellenbosch ikachezwa Zanzibar. Fainali nayo ikafuata njia hiyohiyo. Shabiki wa Mbagala aliyekuwa ameweka akiba ya tiketi ya mzunguko alijikuta anapiga hesabu ya nauli ya boti, malazi Unguja, na tiketi yenyewe ambayo sasa iligombewa na watu wengi kwa viti vichache.

Inafaa kusimama kidogo kwenye nyasi, kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Eneo la kuchezea si zulia la kutandika na kukunja. Ni tabaka juu ya tabaka: nyasi juu, chini yake mchanga, chini zaidi changarawe na mabomba ya kupitisha maji. Mchanga ukishindiliwa na miguu, magari na majukwaa ya muziki, maji hayashuki tena. Mizizi hukosa hewa, hufupika, na mchezaji akigeuka kwa nguvu pande la nyasi hung'oka zima. Mvua kubwa ikija juu ya hali hiyo, madimbwi hayakwepeki. Dawa yake inajulikana kwa kila mtunza bustani: kutoboa ardhi ipumue, kuongeza mchanga, kupanda palipokufa, halafu kuacha. Kuacha ndiko kunakotushinda. Nyasi mpya zinahitaji wiki nyingi kushika mizizi, na hakuna fedha wala amri inayoweza kuzifanya zishike kwa siku tatu.

Sasa tazameni matumizi yake. Mkapa ni nyumbani kwa Simba, ni nyumbani kwa Yanga, ni nyumbani kwa Taifa Stars. Kabla msimu haujaanza kuna Simba Day na Wiki ya Mwananchi, sherehe zinazopendwa na zenye haki ya kupendwa, lakini zinazokuja na majukwaa na spika. Ukijumlisha ligi, Kombe la Shirikisho la ndani, mechi za CAF za klabu mbili na za timu ya taifa, nyasi moja inabeba mzigo ambao kwingineko ungegawanywa kwa viwanja vitatu. Halafu robo fainali, nusu fainali na fainali za CAF huangukia kati ya Machi na Mei, na masika ya Pwani nayo huanza Machi na kuendelea hadi Mei. Mambo haya mawili hukutana kila mwaka, hayajawahi kuja kwa kushtukiza. Klabu ikivuka makundi mwezi Januari, tayari inajulikana kwamba uwanja utahitajika katikati ya mvua. Kazi ya nyasi inapaswa kuwa imekwisha kabla ya Februari, si kuanza baada ya barua ya CAF.

Majirani zetu wamelipia somo lao kwa gharama kubwa zaidi. Kenya ilifunga viwanja vya Kasarani na Nyayo kwa matengenezo katika kipindi kimoja, na timu yake ya taifa, Harambee Stars, ikabaki bila pa kulala. Juni 2024 ilicheza mechi zake za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Ivory Coast, mjini Lilongwe, Malawi. Septemba na Oktoba ikahamia Namboole, Uganda, kupambana na Zimbabwe na Cameroon. Bao ililopata katika mechi hizo nne za "nyumbani" ni moja tu, na ushindi haukuwepo. Uganda nayo ilishapita hapo. Namboole ikiwa bado matengenezoni, Machi 2023 iliikaribisha Taifa Stars mjini Ismailia, Misri, na Simon Msuva akaifungia Tanzania bao pekee. Watanzania tulishangilia bila kujiuliza kama zamu yetu ingefika.

Tanzania ina bahati ambayo Kenya haikuwa nayo mwaka 2024: New Amaan, uliofunguliwa upya Desemba 2023 baada ya ukarabati mkubwa, uko ng'ambo tu ya mkondo wa bahari, na Chamazi uko ndani ya jiji. Lakini uwanja mbadala unaotafutwa siku chache kabla ya mechi unabaki kuwa kimbilio la dharura. Ungekuwa umeandikwa kwenye ratiba tangu Agosti, klabu zingeuza tiketi za msimu kwa hesabu sahihi, wadhamini wangejua mabango yao yanawekwa wapi, na shabiki wa Mbeya asingekata tiketi ya basi la kuja Dar es Salaam kumbe mechi iko Unguja.

Wapo watakaosema mambo haya yanawezekana Ulaya tu, kwa wenye fedha. Mfano wa Liverpool unaonyesha kwamba fedha ni nusu ya habari. Klabu hiyo ilipopanua jukwaa kuu la Anfield, kazi ilianza mwishoni mwa 2014 nyuma ya jukwaa la zamani, timu ikaendelea kucheza mbele yake. Ulipofika msimu wa 2016, kazi ikihitaji wiki chache zaidi, ratiba ya ligi ilipangwa timu ianze na mechi tatu ugenini: Arsenal, Burnley na Tottenham. Mechi ya kwanza Anfield ikawa Septemba 10, dhidi ya Leicester. Hapo hakuna aliyeongeza senti. Watu wa ratiba na watu wa ujenzi walikaa meza moja mapema. Jambo hilo Bodi ya Ligi na wasimamizi wa Mkapa wanaweza kulifanya Jumatatu ijayo, kwa gharama ya chai na vitumbua.

Jukwaa la Anfield Road nalo lina funzo chungu zaidi. Mwaka 2023, kazi ikiwa katikati, mkandarasi wake alifilisika. Klabu ikawa na jukwaa ambalo halijakamilika na msimu umeanza. Sehemu ya chini iliendelea kutumika, ya juu ikabaki imefungwa, na viti vikafunguliwa kwa awamu kadiri vilivyothibitishwa kuwa salama. Desemba 17, dhidi ya Manchester United, watu 57,000 na ushei waliingia, wakati wengine wengi walikuwa bado wanasubiri viti vyao. Tottenham walifanya vivyo hivyo na uwanja wao mpya. Ulipochelewa kwa hitilafu za mifumo ya usalama waliendelea kucheza Wembley, na kabla ya kuufungua Aprili 2019 waliandaa mechi mbili za majaribio, ya vijana na ya wakongwe, kuupima kwa umati mdogo kabla ya mkubwa. Uwanja uliotoka matengenezoni unapaswa kujaribiwa na mechi ndogo kwanza. Kuufungulia kwa watu 60,000 usiku wa kwanza ni kubahatisha na roho za watu.

Neno "roho" halijatumika hapa kwa kutia chumvi. Mei 5, 1992, kisiwani Corsica, Bastia ilikuwa icheze na Marseille nusu fainali ya Kombe la Ufaransa. Viti havikutosha, tamaa ya mapato ilikuwa kubwa, muda ulikuwa mfupi. Jukwaa la upande mmoja la uwanja wa Furiani likabomolewa, na mahali pake likasimamishwa kwa haraka jukwaa la muda la watu wapatao 10,000. Mechi ilikuwa haijaanza sehemu yake ya juu ilipoanguka. Watu wasiopungua 18 walikufa na zaidi ya 2,000 wakajeruhiwa. Ufaransa haikuwa nchi isiyo na wahandisi wala sheria. Ilichokosa jioni ile ni mtu mmoja mwenye mamlaka na ujasiri wa kusema mechi haichezwi. Tangu 2021 sheria ya nchi hiyo inakataza mechi za kulipwa tarehe 5 Mei.

Sisi pia tuna kaburi la kukumbuka, na liko ukuta kwa ukuta na Mkapa. Machi 21, 2021, watu 45 walikufa kwa msongamano Uwanja wa Uhuru wakiaga mwili wa Rais Magufuli. Miaka miwili baadaye ikaja fainali ya Yanga na maafa yake getini. Haya mawili hayakusababishwa na ujenzi. Yanaeleza tu jinsi umati wa Temeke unavyofika: kwa miguu, kwa daladala na bodaboda, kwa pamoja, ukiwa na hamu. Matengenezo yakifunga geti moja, watu hao hawapungui, wanahamia geti la pili. Mabati ya mkandarasi yakila nusu ya njia ya kutokea, njia imekuwa nusu hata kama tiketi zimeuzwa kwa uwanja mzima. Kenya iliona hatari hiyo Agosti 2025 pale mashabiki walipovamia mageti ya Kasarani wakati wa CHAN, na CAF ikaamuru watu wasiozidi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia. Ni bora Tanzania ijiwekee ukomo yenyewe kuliko kusubiri kuwekewa.

Kuna kundi jingine ambalo halitajwi kwenye vikao. Mechi kubwa ya Mkapa ni siku ya mshahara kwa mama lishe wa Chang'ombe, kwa vijana wanaouza jezi na bendera kando ya Barabara ya Mandela, kwa wachoma mishikaki, kwa bodaboda wa Keko. Watu hawa hununua mali siku moja kabla, mara nyingi kwa mkopo. Mechi ikihamishwa ghafla, nyama na mchele waliokwisha kununua vinabaki mikononi mwao. Hawana msemaji wala ofisa habari. Kalenda iliyobandikwa getini ingewasaidia kuliko semina yoyote ya ujasiriamali.

Basi ombi la barua hii ni hili. Wizara, TFF, Bodi ya Ligi na wasimamizi wa uwanja watoe kalenda moja ya Mkapa itakayofika hadi AFCON 2027. Ionyeshe mechi, ionyeshe wiki za kupumzisha nyasi, ionyeshe kazi za ujenzi na sehemu ya uwanja itakayofungwa kila awamu. Itaje uwanja mbadala wa kila mechi ya CAF ya Aprili na Mei, ili Simba, Yanga au yeyote atakayefika huko ajue mwezi wa Januari. Sherehe za klabu zibaki, lakini majukwaa yao yakae nje ya nyasi au zihamie Uhuru pale ambapo mechi kubwa iko karibu. Mashabiki wenyewe watakubali wakielezwa sababu.

Tiketi nazo zifuate uwanja ulivyo siku hiyo. Kama jukwaa la machungwa lina mafundi, viti vyake visionekane kabisa kwenye mfumo wa tiketi wa N-Card. Kabla ya kila mechi inayochezwa matengenezo yakiendelea, mhandisi, kamanda wa polisi, Zimamoto na daktari wa uwanja waweke saini zao kwenye karatasi moja inayotaja idadi ya watu watakaoingia, na karatasi hiyo ichapishwe. Mmoja akikataa kusaini, mechi isichezwe hapo, hata kama ni dabi na hata kama mgeni rasmi ameshathibitisha kufika.

Na awepo msemaji mmoja. Katika siku za sintofahamu ya Mei 2025 shabiki alisikia jambo moja klabuni, jingine kwenye redio za michezo, jingine mitandaoni. Mtu mmoja wa uwanja, anayejulikana kwa jina na cheo, aseme kila wiki hali ya nyasi, taa na mageti, hata pale habari inapokuwa mbaya. Mashabiki wa nchi hii wamevumilia viporo, wamevumilia kuhamishwa, wamejaza Chamazi na New Amaan bila kinyongo. Hawastahili kuwa wa mwisho kujua.

Barua hii haidai Mkapa ufungwe, wala haidai uachwe wazi. Vyote viwili vinaweza kuwa sahihi kwa wakati wake. Inaomba tu kwamba lolote litakaloamuliwa, liamuliwe mapema na litangazwe, na likishatangazwa liheshimiwe na kila mtu kuanzia waziri hadi mlinzi wa geti. Kalenda hiyo itoke kabla ya masika yajayo, na nakala yake ya kwanza ibandikwe kwenye geti la mzunguko, wanakoingilia watu wengi zaidi.